Kutoka Mto Gomti hadi Mto Katuma

Kila tunapoadhimisha hekalu letu, vijana huuliza: je, Mhindu aliyezaliwa Mpanda, asiyewahi kuuona mto mtakatifu wa India, amepungukiwa na kitu? Swali hili lastahili jibu la kihistoria, nalo laanzia Dwarka.

Hekalu la Dwarkadhish, makao ya Bwana Krishna, limesimama pwani ya magharibi ya Gujarat, pale Mto Gomti unapoingia Bahari ya Arabu. Jengo la sasa ni la karne ya 15 na 16. Lina orofa tano na nguzo 72, na bendera yake ya yadi 52 hubadilishwa mara kadhaa kila siku. Gomti si mto mkubwa. Maji yake hupwa na kujaa pamoja na bahari. Mahujaji huoga humo, kisha hupanda ngazi 56 hadi Lango la Mbinguni.

Mtanzania hufika hapo akiwa mgeni. Hotelini huandikishwa kwa pasipoti na viza, na Kigujarati chake chenye ladha ya Kiswahili humtambulisha mara moja. Lakini mlangoni huacha viatu na simu kama wenzake, na katika foleni ya darshani, yaani kuitazama sura takatifu, pasipoti haina kazi tena.

Kutoka pwani hiyo ya Gujarat, katika bandari za Mandvi na Porbandar, majahazi yalisukumwa na kaskazi hadi Unguja. Katika karne ya 19 Jairam Shivji, mtu wa Kutch, alimkusanyia Sultani ushuru wa forodha. Mwaka 1914 reli ya kati ilifika Kigoma. Baadaye njia ya tawi kutoka Kaliua ikaletwa Mpanda kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Reli ilipofika, maduka yakafuata. Kutoka huku bara, safari ya kurudi Gomti ilikuwa ndefu na ya gharama.

Wazee walishika fundisho la kale: kabla ya kuoga, muumini huita katika chombo chake cha maji mito saba, yaani Ganga, Yamuna, Godavari, Saraswati, Narmada, Sindhu na Kaveri. Hivyo maji ya popote huwa matakatifu. Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilitiwa katika Mto Nile huko Jinja, Uganda, na mto wa Afrika ukayapokea.

Majirani zetu walilijua jambo hili kabla yetu. Kando ya Ziwa Katavi, katika bonde la Katuma, upo mkwaju ambapo watu huweka sadaka kwa mzimu wa Katabi, mwindaji wa kale. Jina lake ndilo la hifadhi, na tangu 2012 ndilo la mkoa wetu. Avuaye viatu Dwarka hana haki ya kuudharau mkwaju huo.

Basi, mwenye uwezo na aende Dwarka, asiyeweza hakupungukiwa. Ila jibu hili lina deni. Miaka ya karibuni Katuma hukauka kiangazi, mojawapo ya sababu ikiwa maji kuchepushwa mashambani, na viboko hubanana katika tope. Tukiuita Ganga katika maji ya hapa, ni wajibu wetu pamoja na majirani kuhakikisha maji hayo yapo.