Oili inavuja Kitai: kutoka ngozi hadi mpira

Wadau, ukitaka kujua umri wa fundi huku kwetu Kitai usimuulize mwaka aliozaliwa. Mwambie gari linavuja oili, halafu angalia mkono wake wa kwanza unakwenda wapi. Akikamata spana na kuanza kukaza nati za sampu, huyo kazi alijifunzia kwenye malori ya zamani. Akiomba poda ya watoto, huyo ni wa enzi za Corolla.

Nieleze kidogo. Injini ina shida moja ya kudumu. Ndani mna oili inayozungushwa kwa msukumo, na wakati huohuo shafti kuu lazima itokeze nje bila oili kuifuata. Kizuizi cha hapo ndicho sili. Zamani sili ilikuwa ngozi ya mnyama, basi. Freudenberg wa Weinheim, Ujerumani, walikuwa watu wa kiwanda cha ngozi tangu 1849. Mdororo wa 1929 ulipowabana wakaanza kukata ngozi za sili za magari, na mwaka 1936 wakaingia kwenye mpira wa kutengenezwa kiwandani.

Lakini si kila mtu aliufuata mpira haraka. Injini za Perkins kwenye matrekta ya Massey Ferguson ya miaka ya 1960 zilikuwa na kamba kule nyuma ya shafti. Ndiyo, kamba! Unailoweka oili, unaipachika kwenye mfereji wake, unaibana. Ikitoa jasho kidogo, fundi hashtuki. Na Land Rover, tangu ilipooneshwa Amsterdam mwaka 1948, imejijengea jina la kuacha doa kila inapolala. Mzaha wa madereva unasema ukiona haivuji, kapime, oili imeisha.

Kwa hiyo wazee wetu walilelewa na injini ambazo kuvuja ilikuwa tabia yake. Halafu ikaja dhiki.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viligongana na kupanda kwa bei ya mafuta duniani mwaka huohuo wa 1979, na fedha za kigeni zikakauka. Magari yaliagizwa na shirika la umma, State Motor Corporation, na spea zilisubiri mgawo wa fedha za kigeni. Sasa weka picha ya lori la kahawa lililokwama Mbinga. Lami ya Makambako hadi Songea ilifika katikati ya miaka ya 1980. Hii inayopita hapa Kitai kwenda Mbinga ilisubiri hadi miaka ya 2010, kwa fedha za MCC ya Marekani. Gasketi ya kutoka Dar ingefika lini?

Baba alikuwa utingo wa lori miaka hiyo. Gasketi, anasema, ilikuwa boksi au jalada la daftari. Unalaza karatasi juu ya chuma, unagonga pembezoni kwa nyundo ndogo mpaka ukingo wa chuma wenyewe uikate. Matundu ya nati hivyohivyo. Unapaka grisi, unafunga, safari. Na tusiwacheke, mahali palipo bapa na pasipo na joto kali gasketi ya namna hiyo inafanya kazi hadi leo. Ila sabuni ya mche naona watu wanachanganya mambo. Sabuni inaziba tangi la petroli kwa sababu petroli haiiyeyushi. Kwenye oili inayochemka unajidanganya.

Lengo la enzi hizo lilikuwa kupunguza uvujaji mpaka ufike. Mengine yalimalizwa na debe la oili lililofungwa nyuma ya kiti.

Bajeti ya 1984 iliruhusu mwenye dola zake aagize bidhaa, na miaka ya 1990 ikatuletea magari ya Kijapani yaliyotumika. Injini zikawa ndogo, oili lita tatu na kidogo, sili na gasketi ni mpira. Hapo ndipo mkono wa zamani unapoumiza gari. Mpira ukishakauka haufufuki kwa kukazwa. Unachopata ni ukingo wa sampu uliopinda na nati iliyokula uzi.

Desemba iliyopita Corolla ya mzee ilikuwa inanuka moshi wa oili. Si jambo dogo, maana usiku ndilo gari majirani wanalogongea mlango kupeleka wajawazito Peramiho. Yeye alishakaza sampu mara mbili. Tukaosha injini ikiwa imepoa, tukaikausha, tukanyunyiza poda, tukaiwasha dakika kumi. (Kabla hujaingia chini, gari lilale kwenye magogo imara. Jeki peke yake imeua watu.)

Sampu haikuwa na kosa. Doa lilianzia juu, kwenye kava ya tapeti, oili inateremka kwa nyuma hadi kwenye ekzosi ya moto. Gasketi ilitoka vipande vipande, ngumu kama plastiki. Na bomba la kupumulia injini lilikuwa limezibwa na masizi, hewa ya ndani haina pa kutokea, inasukuma oili popote palipo dhaifu. Usipozibua hilo, gasketi mpya nayo itavuja.

Tukalisafisha, tukafuta pande zote mbili mpaka chuma kikang'aa, gasketi mpya ikakaa, nati tukakaza kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda pembeni. Spana fupi, mkono mmoja.

Mzee alipima oili asubuhi tatu mfululizo na haikushuka. Boksi lililokuja na gasketi hakulitupa. Anasema lina unene mzuri sana wa kukatia gasketi.