Makaa ya Mui, Mchanga wa Thwake

Huku Mui, mashariki mwa Kitui, ukitaja makaa utaulizwa: ya miti au ya mawe? Ya mawe yangali ardhini. Serikali ilianza kutoboa visima vya utafiti mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2011 kampuni ya Fenxi kutoka Uchina ikapewa vitalu C na D vya makaa hayo, na Desemba 2013 mkataba ukatiwa saini. Mgodi haujafunguliwa. Ndiyo maana Ukambani hakuna kisa kama cha Huskar, Uingereza, ambako Julai 1838 watoto 26 walikufa maji mgodini, na miaka minne baadaye sheria ikawafungia migodi wavulana walio chini ya miaka 10.

Watoto wetu walianza kazi kabla ya mgodi. Mvua ya Novemba ikikosa, mahindi yakinyauka, panga hutoka. Baba hukata mti, mtoto huburura matawi, hufukia tanuri la makaa kwa udongo, kisha hukesha akiziba kila ufa unaotoa moshi, maana hewa ikiingia miti yote huwa majivu. Asubuhi yumo darasani, macho mekundu, sare inanuka moshi. Nyumbani haiitwi kazi, ni kusaidia tu, na sina haraka ya kumlaumu mzazi: kupeleka punda mtoni nako ni kusaidia. Lakini punda hamsubiri dalali wa makaa barabarani.

Makueni mali ilikuwa mchanga. Nairobi ilipozidi kujenga, malori yaliteremka hadi mito ya Thwake, Kaiti na Athi. Januari 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa na madarasa yakafurika, ila daftari na chakula cha jioni havikuwa bure, hivyo watoto nao wakashika koleo mtoni. Kundi la wachimbaji hulipwa kwa lori moja, kisha hugawana. Mdogo hupewa kidogo ingawa koleo lake ni lilelile, na ukingo uliochimbwa kwa chini ukiporomoka haumbagui.

Mwaka 2015 Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga. Januari 2018 Gavana Charity Ngilu akapiga marufuku kusafirisha mchanga na makaa nje ya Kitui. Bei ikapanda. Malori mengine yakaanza kuja usiku, saa ambazo mwanafunzi hana darasa.