Minyororo ya Kifaru na Udongo wa Karanga

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii niliitumia mara nyingi nilipokuwa nafundisha historia, na leo naitumia kwa jambo ambalo msomaji huenda asilitegemee kutoka kwa mzee wa Lionja aliyestaafu ukuu wa chuo cha ualimu. Nataka kuzungumzia upakaji rangi wa minyororo ya vifaru vya mfano.

Wako watu wazima, wengi wao Ulaya, Marekani na Japani, ambao starehe yao ni kuunganisha vifaru vidogo vya plastiki kwa kipimo cha 1 kwa 35. Kifaru cha kweli chenye urefu wa karibu mita 6 kwa kipimo hicho huwa na sentimita 17 tu. Mwili wake hupakwa rangi kwa muda mfupi, lakini minyororo ile inayozunguka magurudumu yaweza kumchukua mtu siku nzima. Mwanzoni niliona ni mchezo wa watu wenye nafasi. Nilipoisoma namna ya kazi yenyewe nikatambua kwamba ndani yake mna somo la historia, tena historia ya kwetu Nachingwea.

Kanuni zao ni hizi. Mnyororo haupakwi rangi nyeusi wala ya fedha, kwa kuwa mnyororo unaofanya kazi hauna rangi moja. Kwanza hupakwa hudhurungi iliyokoza. Kisha kutu hutiwa kwenye pembe na mashimo ambako hakuna kinachosugua, na kwenye vichwa vya pini. Sehemu zinazogusa ardhi, na meno yanayopita katikati ya magurudumu, hung'arishwa, kwa sababu chuma kinachosuguliwa kila siku hakishiki kutu. Wengine husugua hapo risasi ya penseli, nayo hutoa mng'ao wa chuma hasa. Penye vipande vya mpira hapatiwi kutu hata kidogo, maana mpira hauoti kutu. Mwisho hutiwa tope au vumbi, na hapa ndipo fundi mzuri anapojulikana. Tope la kwenye mnyororo lazima lifanane na ardhi ambayo kifaru kinasemekana kimepita. Mwenye kupaka tope la Ulaya kwenye kifaru cha jangwani amesema uongo, hata kama mkono wake ni mzuri.

Sasa jambo hili linatuhusu nini sisi wa kusini mwa Tanzania? Linatuhusu kwa sababu vifaru viliwahi kuletwa nchini kulima karanga.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ulizunguka Afrika Mashariki kwa takribani wiki tisa, kwa sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza mashamba 107, kila moja la ekari 30,000. Kati ya hayo, 55 yalipangwa Jimbo la Kusini, yaani huku kwetu. Mengine yawe Kongwa, Urambo, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Vita vilikuwa vimekula viwanda, na matrekta mapya hayakupatikana. Yakanunuliwa makatapila yaliyoachwa na majeshi, mengine yakitoka hadi Ufilipino, tayari yakiwa yamechakaa. Ndipo kampuni ya Vickers-Armstrongs ya Uingereza ikachukua vifaru vya Marekani aina ya Sherman, ikaondoa mzinga na chuma cha kujikinga, ikapunguza magurudumu, na kuvigeuza kuwa matrekta. Jina lake likawa Shervick, yaani Sherman na Vickers kwa pamoja. Chombo cha vita cha tani 30 kikabaki trekta la tani 15 hivi.

Ukikifikiria chombo hicho kwa jicho la yule fundi wa vifaru vya mfano, utaona kwamba kazi yake imebadilika kabisa. Kifaru cha vita hupita. Leo kiko barabarani, kesho kimevuka mto, na mnyororo wake hubeba udongo wa mahali pengi. Trekta halipiti, huenda na kurudi katika ardhi ile ile, asubuhi hadi jioni, likivuta jembe, au likifungwa mnyororo wa nanga ya meli pamoja na trekta jingine ili kuangusha miti. Kwa hiyo tope lake ni la rangi moja, nalo hujaa kila tundu. Na chuma chake hung'aa kupita cha kifaru cha vita, maana kinaliwa.

Neno hilo “kinaliwa” nimelitumia makusudi. Udongo wa Kongwa, ambako kazi ilianza mwaka 1947, una chembe kali za mchanga zinazosaga chuma kama msasa, na mvua zikikatika hukauka ukawa kama saruji. Majembe yalikwisha makali, pini zikalika, minyororo ikalegea. Mwaka huo walikusudia kulima ekari 150,000. Zilizopandwa ni 7,500 hivi. Shervick zilipofika baadaye nazo hazikuuokoa mpango. Huku Nachingwea mambo yalichelewa kwa sababu nyingine: msitu ulikuwa mnene, bandari ya kina haikuwapo, na reli ilibidi ijengwe kwanza. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango, baada ya pauni milioni 36 hivi kupotea. Reli yetu iling'olewa katika miaka ya sitini. Bandari ya Mtwara imebaki, nayo inatufaa hadi leo kwa korosho.

Vitabu huwalaumu wanasiasa, hasa Waziri wa Chakula wa wakati huo, John Strachey. Sikatai. Lakini habari ya kushindwa iliandikwa kwenye minyororo kabla ya kuandikwa kwenye ripoti. Fundi makanika aliyeinama chini ya trekta mwaka 1947 na kuona pini imelika nusu baada ya kazi ya muda mfupi alikuwa anajua jambo ambalo London ililijua baadaye sana. Kilichokosekana ni mtu wa juu wa kuinama naye.

Chuoni, katika masomo ya kazi za mikono, niliwaagiza wanachuo watengeneze trekta la mpango wa karanga kwa mbao na mikebe. Minyororo waliikata kwenye kandambili kuukuu, kama watoto wetu wanavyofanya magurudumu ya vigari vyao. Kundi moja lilipaka makaa na mafuta, likang'aa vizuri. Kundi la pili lilichunga udongo mwekundu wa nyuma ya bweni, likauchanganya na gundi, likapaka, kisha likatia unga wa kutu uliokwanguliwa kwenye bati bovu. Darasa zima lilikwenda kulitazama la pili. Binti mmoja akauliza, “Mwalimu, tope hili jioni alikuwa anaondoa nani?”

Swali hilo lilizidi mhadhara wangu wote. Tope la mnyororo haliondoki lenyewe. Lisipotolewa hukauka usiku, na asubuhi mnyororo hukaza au huchomoka. Waliolitoa kwa sululu na chuma walikuwa vijana wa Kitanganyika, Wagogo, Wamwera, Wayao, Wamakua, Wamakonde na wengine, waliokuja kutafuta mshahara. Ripoti zimehesabu ekari, pauni na matrekta. Watu hao wamo kama jumla tu. Lakini katika trekta lile la mikebe walionekana, kwa sababu palikuwa na kazi inayowasubiri.

Ndiyo maana siwadharau tena wale watu wazima wa vifaru vya plastiki. Anayepaka rangi kwa uaminifu hulazimika kujiuliza chombo kilipita wapi, kilibeba nini, kilisuguliwa na nini, na nani alikitunza. Hayo ndiyo maswali ya mwanahistoria. Anayepaka kila kitu rangi mpya amefanya pambo.

Walimu wenzangu mnaofundisha habari za mpango huu, msiishie kwenye tarakimu za ubaoni. Wapelekeni wanafunzi wakaone tuta la reli ya zamani. Wapeni udongo washike, wausugue kwenye msumari, waone chuma kinavyobadilika rangi. Na waulizeni wazee kabla hawajakwisha, hasa wale ambao baba zao walikuwa makuli, madereva na mafundi, maana watoto wa wakubwa walikwisha kuandika ya kwao.