Karani Aliyechoka Kunakili

Sisi wapenda vitabu tukianza kuzungumzia historia ya uchapaji, tunamtaja Gutenberg, tunaruka karne tano, tunatua kwenye kompyuta. Hapo katikati kuna mtu tunamruka bila haki: Chester Carlson, aliyefanya kazi New York katika ofisi iliyoshughulikia hataza, yaani haki za wavumbuzi. Jioni alisomea sheria. Vitabu vya sheria vilikuwa ghali, basi akawa anakwenda maktaba ya umma na kunakili kurasa kwa mkono, huku maradhi ya viungo yakimsumbua. Aliyewahi kunakili kitabu cha kuazima atamwelewa.

Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba kidogo mtaani Astoria, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walichukua bati la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa leso mpaka likashika umeme. Juu yake wakaweka kioo chenye tarehe ile na neno Astoria, wakawasha taa kali kwa sekunde chache. Mwanga ulipopita, umeme ulitoweka. Uliziba tu chini ya kivuli cha herufi. Wakanyunyiza unga laini, wakapuliza. Unga ukabaki penye maandishi peke yake, wakauhamishia kwenye karatasi ya nta. Wino? Hakuna hata tone.

Kampuni kubwa zilimkataa moja baada ya nyingine. Iliyomkubali mwishowe ilikuwa ndogo, Haloid, ambayo baadaye ikaitwa Xerox, na mashine yake ya 914 ya mwaka 1959 ndiyo iliyoingiza fotokopi maofisini.

Lakini fotokopi inahitaji ukurasa ambao tayari upo. Mwaka 1967 mhandisi wa Xerox, Gary Starkweather, alianza kujiuliza: kwa nini mashine isiandike ukurasa ambao haujawahi kuwepo popote? Wakubwa zake waliona leza ni kitu cha ghali kisicho na maana. Hakuacha. Mwaka 1971 alihamia maabara ya kampuni hiyohiyo huko Palo Alto, California, na huko ndiko wazo lake lilikopata pa kukua.

Ukiitazama kwa ndani, printa ya leza bado ni lile bati la Carlson, ila limekunjwa kuwa silinda. Silinda inajazwa umeme gizani. Mwale wa leza unagonga kioo chenye pande nyingi kinachozunguka kwa kasi, unafagia silinda mstari kwa mstari, ukiwaka na kuzimika kama kompyuta inavyouamuru, na kila unapogusa umeme unabadilika. Tona, ule unga wa plastiki, inanasa palipochorwa, inahamia kwenye karatasi, kisha roli za moto zinaiyeyusha. Ndiyo maana karatasi inatoka na joto kama chapati.

Xerox 9700 ya mwaka 1977 ilitoa kurasa 120 kwa dakika, ila ilikuwa dude la makampuni. Mwaka 1984 ikaja LaserJet ya HP, na 1985 LaserWriter ya Apple, zikichora vitone 300 kwa kila inchi. Kwetu sisi, hapa ndipo mambo yalipogeuka. Taipureta ilimpa *i* nafasi sawa na *m*. Mswada ulijulikana ni mswada hata ukiutazama kutoka mlangoni. Sasa rasimu ya usiku mmoja inatoka imevaa nguo za kitabu, pembezoni zimenyooka, herufi zinang'aa, na mwandishi mwenyewe anadanganyika kwamba kazi imekwisha. Nimesoma riwaya kadhaa zilizoponzwa na hilo, naamini.

Mswada ambao bado naufanyia kazi mimi nautoa kwa herufi za Courier, nafasi mbili kati ya mistari, uendelee kuonekana mbichi.