Chang'aa ilihalalishwa miaka 15 iliyopita, tiba ya sumu yake ikasahauliwa

Sheria ya kudhibiti vileo, ambayo Wakenya waliibatiza jina la Mututho, ilianza kutumika Novemba 22, 2010. Miaka 15 baadaye, ukiuliza Keringet au Olenguruone, hapa Nakuru, ilisema nini, wengi watakutajia saa za baa: saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, na wikendi kuanzia saa nane mchana. Wachache watakumbuka jambo zito zaidi, kwamba sheria hiyo hiyo ilifuta marufuku ya chang'aa.

Marufuku hayo yaliwekwa mwaka 1980, enzi za Rais Daniel arap Moi. Uganda ilikuwa imeshika njia nyingine tangu 1965: wapishi wa vijijini walitakiwa kuchukua leseni na kuuzia kiwanda pombe yao isafishwe, na huko ndiko ilikozaliwa Uganda Waragi. Kenya ilichagua rungu. Katika vijiji vinavyopakana na Msitu wa Mau, mapipa yalihamia vichakani na mama pima, yaani muuzaji wa chang'aa, akaendelea kupima.

Kisha ikaja methanoli, kemikali ya viwandani ambayo wafanyabiashara wenye tamaa huiongeza ili kinywaji kiwe kikali kwa gharama ndogo. Novemba 2000, pombe ya kumi kumi iliua zaidi ya watu 130 Mukuru, Nairobi, na kuwapofusha wengine. Mwaka 2005 msiba ukahamia Ukambani.

Hapo ndipo John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha katika Nakuru yetu hii, alipoingia na mswada wake. Wenye baa waliona wananyang'anywa riziki; wale wa Murang'a walifika hadi Mahakama Kuu. Katika kelele za saa za kunywa, hoja ya chang'aa ilizama. Sheria iliiruhusu, lakini kwa masharti: mpishi awe na leseni, pombe ikidhi viwango vya ubora na iuzwe ndani ya chupa za kioo. Ni mama pima gani wa Kuresoi, mwenye pipa moja na deni la karo, angeyatimiza hayo? Chang'aa ikawa halali kwenye karatasi na haramu jikoni. Chifu aliendelea kumwaga, naye mpishi aliendelea kuhonga.

Mwaka 2013 Mututho alipewa uenyekiti wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Mei 2014, maafa yakarudi katika kaunti kadhaa, na Julai yakarudia tena. Safari hii kulikuwa na watu wa kuhesabu. Madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières, wakishirikiana na wataalamu wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Oslo, walikuja kusaidia, ingawa walifika maafa yakiwa yanaelekea kuisha. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la PLOS ONE, ulitaja wagonjwa wapatao 341 na vifo 100 katika mkasa wa kwanza, kisha wagonjwa 126 na vifo 26 katika wa pili. Libya, mwaka 2013, wagonjwa walizidi 1,000 lakini aliyefariki alikuwa mmoja kati ya kumi. Kwetu, katika mkasa wa Mei, alikufa karibu mmoja kati ya watatu.

Methanoli haiui papo hapo. Mwili huivunja polepole iwe asidi ya fomi, nayo ndiyo inayoharibu mshipa wa fahamu wa jicho na kuchachusha damu. Kwa kawaida dalili huchelewa saa 12 hadi 24, kwa hiyo mgonjwa na jamaa zake hudhani ni uchovu wa ulevi. Dawa mahususi, fomepizoli, ni ghali, lakini ethanoli safi, yaani pombe yenyewe, ikitolewa kwa kipimo na daktari, huizuia methanoli isigeuzwe sumu. Asidi hurekebishwa kwa bikaboneti, na damu husafishwa kwa mashine.

Huo ndio ujuzi ambao misako haijawahi kuuleta. Februari 2024 watu 17 walikufa Kirinyaga, serikali ikatoa maagizo mapya ya kufunga na kukamata. Sera ya 2025 imependekeza umri wa kunywa upandishwe hadi miaka 21. Hayo yana nafasi yake, lakini hayamwokoi aliyekwisha kunywa.

Serikali ya Kaunti ya Nakuru, ambayo ndiyo inayotoa leseni za vileo na kusimamia hospitali, ihakikishe kila hospitali, Olenguruone ikiwemo, ina ethanoli ya tiba, bikaboneti na mhudumu aliyefunzwa kuzitumia. Nawe msomaji, mtu wako akinywa na kesho yake akalalamika kuwa macho yana ukungu, tumbo linauma au anahema kwa kasi, usimwache alale. Mpeleke hospitali, na umweleze daktari alichokunywa bila kuogopa polisi.