Pazia Jipya la Prague

Wengi wetu hudhani kwamba nguo ya ibada ikishafika katika jumba la makumbusho, imeokoka. Nami nilidhani hivyo mpaka niliposoma habari za Wayahudi wa Prague.

Mwaka 1942, chini ya utawala wa Wanazi, mapazia ya masinagogi na mavazi ya magombo ya Torati yalianza kukusanywa mjini humo kutoka jumuiya 153 za Bohemia na Moravia. Wayahudi wenyewe ndio walioyapanga na kuyaandikia orodha, kisha wengi wao wakapelekwa kambini na kuuawa. Nguo zikabaki, waliozishona na kuzibusu hawakubaki.

Ndiyo maana kazi ya Mark Podwal hunigusa. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1945, akawa daktari wa ngozi, na kwa mkono uo huo akachora picha za vitabu vya Elie Wiesel, kikiwamo cha masimulizi ya usiku wa Pasaka kilichotoka mwaka 1993. Baadaye akabuni pazia na mavazi ya Torati kwa ajili ya Altneuschul, sinagogi ya Prague iliyojengwa karne ya 13, ambamo watu wanasali hata leo.

Podwal alifariki mwaka 2024. Nguo zilizokusanywa wakati wa vita zinatunzwa zisiguswe. Za kwake hushikwa, hukunjwa, na iko siku zitahitaji kiraka. Nazitakia kuchakaa kwa namna hiyo, maana nguo huchakaa palipo na watu.