Dozi ya Mionzi na Safari Ndefu ya Mgonjwa wa Wabera

Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, aliuawa Juni 28, 1963 akiwa safarini upande wa Modogashe, pamoja na Chifu Hajji Galma Dido. Wadi ya Wabera mjini Isiolo imebeba jina lake hadi leo. Namtaja kwa sababu ya njia ile. Ukipita Modogashe ukaendelea mbele utafika Garissa, na Garissa ni mojawapo ya miji michache nje ya Nairobi ambayo hospitali yake ya umma imewekewa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi.

Tiba hiyo ilianza nchini mwaka wa 1968, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, kwa mashine ya kobalti. Wakati huo Isiolo ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika vita vya shifta. Waborana wa Isiolo huiita miaka ile Gaafa Daaba, wakati wa kuzuiliwa, kwani walifungiwa pamoja na mifugo yao katika kambi za Garba Tula, Merti na Modogashe. Mama mwenye saratani ya mlango wa uzazi pale Merti angewezaje kufika Nairobi? Mashine ilikuwapo, lakini kwake ilikuwa kama haipo.

Hebu tuitazame dozi yenyewe, maana ndiyo inayoamua safari ya mgonjwa.

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei nchini Ujerumani mwaka wa 1895, na kabla ya mwaka mmoja kupita madaktari walikuwa wameshaanza kuzijaribu juu ya uvimbe. Hawakuwa na kipimo. Walimulika ngozi mpaka ikawa nyekundu, na wekundu huo ndio uliokuwa dozi. Ngozi ya mtu mmoja si ya mwenzake, na juu ya ngozi nyeusi kama zetu wekundu hauonekani kwa urahisi. Kipimo hicho kilitungwa kwa macho ya Ulaya na ngozi za Ulaya. Ilichukua hadi 1928, katika mkutano wa Stockholm, mataifa kukubaliana kupima mionzi kwa umeme inaouzalisha hewani. Mwaka wa 1975 kikaja kipimo tunachotumia sasa, grei, kwa heshima ya Mwingereza Louis Harold Gray. Grei moja ni nishati ya jouli moja iliyobaki ndani ya kilo moja ya mwili.

Nishati hiyo ni ndogo mno. Grei mbili, dozi ya kawaida ya siku moja, hazipashi mwili joto hata kwa sehemu moja ya elfu ya digrii. Mgonjwa analala juu ya kitanda kigumu, mashine inanguruma, anainuka bila kuhisi chochote. Hana njia ya kujua kama amepewa kidogo au amezidishiwa, kwa hiyo maisha yake yako mikononi mwa wanaopiga hesabu.

Nao hupima kwanza ndani ya maji. Mwanafizikia wa hospitali huweka tangi la maji chini ya mashine, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili wetu ni maji, kisha hushusha ndani yake kifaa kidogo cha kupimia. Mionzi ya kobalti hufikia kilele nusu sentimita chini ya ngozi. Kwa eneo la sentimita kumi kwa kumi, ikifika kina cha sentimita kumi hubaki kama asilimia 56 tu. Ukiulenga uvimbe ulio ndani ya nyonga kutoka upande mmoja, utaiunguza ngozi kabla hujautosheleza uvimbe. Kwa hiyo mpangaji huelekeza mionzi kutoka pande nne, ikutane mahali pamoja. Ngozi huchorwa mistari ya wino, na mgonjwa huambiwa asiisugue anapooga, kwa sababu mstari ukifutika, shabaha imepotea.

Kobalti nayo huzeeka. Kila mwezi hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu, na baada ya miaka mitano na miezi mitatu imebaki nusu. Aliyekuwa akimulikwa kwa dakika mbili sasa anahitaji nne, na foleni nje ya mlango inarefuka.

Lakini jambo linalomgusa zaidi mtu wa Wabera ni majaribio yaliyofanywa Ufaransa juu ya kondoo dume. Claudius Regaud aliona kwamba dozi kubwa ya mara moja haikuweza kumfanya dume tasa bila kuiharibu vibaya ngozi yake. Alipoigawa dozi kwa siku kadhaa, dume likawa tasa na ngozi ikasalimika. Mwenzake, Henri Coutard, akaupeleka mgawanyo huo kwa wagonjwa wa saratani ya koo katika miaka ya 1920. Ndiyo maana hadi leo grei 50 hutolewa kwa siku 25, wiki tano, Jumatatu hadi Ijumaa.

Kutoka Isiolo hadi Nairobi ni karibu kilomita 280. Hakuna awezaye kwenda na kurudi mara 25 akiwa mgonjwa. Lazima apange chumba, ale, na aache watoto na mbuzi mikononi mwa jirani. Pesa zikiisha wiki ya tatu, anapanda basi kurudi nyumbani. Seli za saratani zilizobaki huanza kuzaana upya, na siku alizokosa hupunguza nafasi yake ya kupona.

Kuna nafuu inayokuja. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba baadhi ya wanawake wenye saratani ya matiti wanaweza kutibiwa kwa siku tano badala ya 15. Mpango wa aina hiyo unadai picha safi na vipimo vya uhakika, lakini kwa familia ya mbali ni tofauti ya kumaliza tiba na kuikatiza.

Ukiandikiwa mionzi, wewe au mzazi wako, muulize daktari ni siku ngapi na kama kuna mpango mfupi unaofaa ugonjwa wako. Tafuta mahali pa kulala kabla ya siku ya kwanza. Na Kaunti ya Isiolo iwatengee wagonjwa wake malazi karibu na mashine, huko Nairobi na huko Garissa, kwa siku zote za dozi.